Mtu wa Jana, Maji ya Leo

Mbonea, tajiri wa tangawizi, aliporudi kutoka mjini na falsafa yake mpya, kitu cha kwanza alichofanya ni kumnyang'anya mjane Nakiete zamu yake ya maji. Alhamisi nzima maji ya mfereji yakamwagika shambani kwa tajiri, na maharage ya mjane yakaanza kunyauka. Nakiete akamshtaki kwa wazee wa mfereji.

"Zamu gani?" Mbonea akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mama, maji aliyogawiwa marehemu mumeo yalishateremka bondeni zamani. Haya ni mengine. Kila kitu hubadilika!"

Wazee wakakuna vichwa. Nakiete akasogeza kigoda karibu na Mbonea.

"Mwalimu, hebu nifundishe mimi mbumbumbu. Hata mlima hubadilika?"

"Hata mlima."

"Na mtu je?"

"Mtu ndiye zaidi! Wa jana si wa leo."

"Weee! Hata wewe, baba?"

"Hata mimi! Mbonea wa jana kaenda na maji!"

Nakiete akawageukia wazee. "Mmesikia? Basi mfuteni kwenye zamu, kaenda na maji. Huyu aliyekaa hapa kafika leo asubuhi. Mgeni kwetu hupataje maji?"

Mwenyekiti wao akajibu huku akizuia kicheko, "Kwanza huzoa tope la mfereji msimu mzima."

"Karibu, mgeni," Nakiete akasema, akimkabidhi karai la kuzolea tope.

Mbonea akaruka. "Jamani, mimi ni Mbonea yule yule!"

"Na maji?"

"Yale yale, mama! Yale yale!"