Nyama Kwanza, Tiba Baadaye

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, ukame uliingia nyika ya Mkwajuni ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Maji yakakauka, majani yakaisha, ikabaki miiba. Na mwenye njaa hatazami anapokanyaga, kwa hiyo kila aliyetoka kutafuta chakula alirudi na mwiba.

Nafuu yao ilikuwa zahanati ya wote, chini ya mkwaju mkubwa. Nyani, mwenye vidole vyembamba na mdomo usio na breki, ndiye aliyetoa miiba. Kobe alichemsha dawa, polepole, kama alivyofanya mambo yake yote. Hakuna aliyetoa malipo. Ilikuwapo desturi moja tu: aliyetibiwa alipewa kitawi, akampepea nzi mgonjwa aliyemfuata, ndipo aende zake. Ndiyo maana ungeweza kumkuta chui akimpepea digidigi, wote wawili wakitazama pembeni kwa aibu.

Jambo hilo lilimnyima Fisi usingizi.

"Wagonjwa wote hawa," alimwambia Simba, mfalme wa nyika, "na hakuna hata mmoja anayeacha kipande cha nyama? Mtukufu, hii ni hasara tupu. Nikabidhi mimi. Nitaweka uzio, nitaweka lango, nitaweka utaratibu. Na itaitwa kwa jina lako."

Simba alipenda kusikia jina lake hata likitajwa na mwangwi. Alikubali kabla Fisi hajamaliza.

Kesho yake Nyani na Kobe waliambiwa wakapumzike. "Wanakula sana," alieleza Fisi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amestaftahi mara mbili. Akazungusha uzio wa miiba, na langoni akamweka shemeji yake, fisi mnene aliyejua kutii tu. Shemeji alifundishwa maneno manne: nyama kwanza, tiba baadaye. Na asimsikilize mtu yeyote.

Sungura aliyasikia maneno hayo siku alipomleta mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa amechomwa na mwiba ukavunjikia mguuni, na mguu ulikuwa umevimba kama boga. Binti yake alijaribu kuuchomoa, ukazidi kuzama. Sungura, kwa adabu za ukwe, asingeweza kumshika mama mkwe mguu. Hata kumvuta juu ya kuti alimvuta amempa mgongo, akijikwaa kwenye kila kisiki njiani.

"Nyama kwanza," alisema Shemeji.

"Bwana mkubwa, sisi tunakula majani. Nyama tutaitoa wapi?"

"Kila mtu ana nyama," alijibu Shemeji, akimkagua bibi kuanzia masikio hadi mkia. "Huo mguu si mbovu? Auache hapa, aingie atibiwe."

"Atatibiwa nini sasa?"

Shemeji akajaribu kufikiri, ikamuuma. "Mimi ni wa langoni. Hayo waulize wa ndani."

"Nirudishe nyumbani, mwanangu," alisema bibi kwa sauti ndogo. "Nikafie kwangu."

"Hufi, Mama. Kaa hapa kivulini uwe wa kwanza lango likifunguka," Sungura aliuambia mti uliokuwa mbele yake, maana hakuthubutu kugeuka. Lakini alijua uvimbe ule ukipanda hadi pajani, bibi hataziona mvua.

Akazunguka nyika nzima akihamasisha. "Leo wamemfungia mama mkwe wangu, kesho ni wewe," alisema kila alipofika.

"Mimi mzima," alijibu Nyati.

"Kutoka huku juu sioni tatizo," alisema Twiga.

Swala alimuunga mkono kabisa, ila alisema hivyo akiwa anakimbia. Sungura, aliyejiona msemaji hodari kuliko wote Mkwajuni, alimaliza ziara akiwa amekaukiwa koo, na wafuasi wawili: nzi, na kivuli chake mwenyewe.

Ndipo akamwona Simba akinyata nyuma ya kichuguu.

"Mtukufu, unachechemea."

"Sichechemei. Ni mwendo mpya."

"Unakupendeza. Unatupeleka wapi mwendo huo?"

Simba akatazama huku na huku. "Ng'ambo ya mto. Nasikia wana tabibu mzuri."

"Kwani zahanati yenye jina lako haifai?"

"Ile ni ya wananchi," alisema Simba.

Sungura akatikisa kichwa kwa huruma. "Sawa. Ila mfalme wa ng'ambo ataona unavyokwenda, na usiku huohuo nyika yake yote itakuigiza. Sasa hebu fikiria, Mtukufu, utibiwe hapa, mbele ya wote. Tufanye uzinduzi. Ngoma ipigwe."

"Na hotuba?"

"Yako. Ndefu."

Simba akageuza mwendo wake mpya.

Wale waliokataa kuja kupinga walikuja wote kucheza ngoma, na Fisi akaamuru langoni wapite wachezaji tu, wagonjwa wasubiri. Fisi alikuwa amejipaka mafuta usoni, akipokea pongezi, mpaka hotuba ilipokwisha na Simba akajilaza chini ya mkwaju, akanyoosha mguu.

"Haya. Toa mwiba."

Fisi alikodoa macho. Uzio alikuwa nao, lango alikuwa nalo, shemeji alikuwa naye. Vidole alikuwa amevifukuza. Yalibaki meno. Akainama, na harufu ya damu na usaha ikampanda puani, mate yakamdondoka.

"Mbona unalamba?"

"Nasafisha, Mtukufu."

Akalamba tena, safari hii amefumba macho. Kisha tabia ikakishinda cheo, akauma.

Ngurumo iliyotoka hapo ilimwangusha Kobe chali. Kofi lililofuata lilimrusha Fisi juu ya uzio wake mwenyewe, taya likiwa limehamia upande.

"Nani alikuwa akitoa miiba hapa?" aliuliza Simba, machozi yakimlengalenga.

"Nyani, Mtukufu," alisema Sungura kwa upole wa mtu asiyehusika. "Yuko juu ya mti, anapumzika. Aliambiwa anakula sana."

Nyani akashuka bila haraka, akautazama mguu wa mfalme. "Nimeuona. Wewe wa pili."

"Wa pili?"



"Kuna bibi langoni, kafika kabla yako," alisema Nyani. "Nikimruka kwa sababu ya ukubwa wa meno yako, nimejenga uzio mwingine."

Simba akawatazama wanyama, wanyama wakamtazama. Aliwaita mwenyewe waje kushuhudia. Akakohoa, akatangaza kwamba yeye siku zote amependa foleni.

Bibi akaingizwa, mwiba ukatoka, urefu wake kama ukucha wa chui. Kisha akapokea kitawi na kumpepea mfalme. "Tulia, mwanangu," alimwambia. "Ukijitikisa, nzi wanafurahi." Simba akatulia. Alipotibiwa, naye akashika kitawi, akampepea Swala, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alishindwa kukimbia. Hapohapo mfalme akaamuru uzio ung'olewe, Nyani na Kobe warudi kazini, na mkwaju usimilikiwe tena na mtu mmoja.

Jioni Fisi alirudi akiburuta taya lililovimba. Uzio haukuwapo tena, lakini Shemeji alikuwa bado amesimama palepale, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Nyama kwanza," alisema.

Fisi akajigusa kifuani kwa mguu wa mbele. "Mmm. Mmmm."

"Hata kama ni wewe, shemeji. Ulisema nisimsikilize mtu."

Fisi angeweza kupita kushoto, angeweza kupita kulia. Lakini lango alilijenga mwenyewe, na aliliamini. Akakaa chini, akalia kwa pua.

Mama mkwe wa Sungura, aliyekuwa akijaribu mguu wake hapo karibu, akamgusa Shemeji begani kwa kitawi.

"Mpishe, mwanangu. Hapa anaingia kila anayeumwa, hata yule aliyetaka watu wasiingie."

Sungura alitaka sana kugeuka amtazame. Akakumbuka adabu, akauchekea mti.

Fisi akarudishwa taya lake mahali pake, likafungwa kwa kamba, akapewa kitawi. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Sungura, koo limekauka kwa hotuba. Akajilaza vizuri, akafumba macho, akapepewa hadi jua likazama, na mpepeaji hakuweza kusema neno.

Mkwaju bado upo. Mwenye mwiba na aje.