Kiboko Avumbika Jua

"Jamani, mpo?"

"Tupo, na masikio tumeyaosha!"

"Nimwage?"

"Mwaga, tutazoa!"

Ijumaa, mwezi tatu Shaabani, saa mbili na nusu asubuhi, Kiboko alitoka bwawani, akaja kwenye uwazi pekee wa msitu ule, akakaa. Pwaaa! Jua lote likaishia mgongoni mwake.

Bi Mjusi, mjane mcha Mungu, alikuwa na binti mmoja, Chausiku. Miguu ya Chausiku ilikuwa laini kama tambi. Akisimama, tepwe! Akisimama tena, tepwe!

Mkunga Kobe akamkagua. "Mtoto amepungukiwa vitamini D, shoga. Jua likigusa ngozi, mwili huipika wenyewe, mifupa ikakaza. Mtoe aote jua. Au mpe kiini cha yai, ingawa hicho hakitoshi."

"Yai? Ale wadogo zake?"

"Basi jua."

Bi Mjusi akaenda. "Hodi, bwana mkubwa. Naomba jua la mtoto."

"Lote langu!"

"Hata la kiganja?"

"Lote langu!"

Bi Mjusi akaliangalia tumbo lile taratibu. "Maskini. Kumbe unakula jua bichi."

"Bichi?"

"Ndizi mbichi unazifanyaje?"

"Nazivumbika."

"Na jua je? Jaza mitungi, ifukie pangoni, funika majani ya mgomba, kisha ikalie wasije wakakuibia. Likiiva, utamu wake..." Akameza mate.

Kiboko hakungoja. Akaikinga mitungi juani, akaifunika fu! fu! fu! Akaingia nayo pangoni, akaifukia, akaikalia.

Huku nje Chausiku akaota jua. Akisimama, tepwe! Akaota tena. Akisimama, tete. Akaota tena, hata akakimbia, chururu! Mama yake akalia.

Kila asubuhi sauti ilitoka pangoni: "Limeiva?"

"Bado, bwana mkubwa. Linanukia tu."

Msimu ukapita, na mwingine. Kiboko akashindwa kuvumilia, akafunua mtungi. Giza. Akafunua wa pili. Giza tii!

"Mjusi weee!" Akainuka kwa hasira. Lakini mifupa ilikuwa imelainika kwa kukosa jua. Goti likasema kacha! Akaporomoka, gubu! Asiamke tena.

Funzo, watoto: mkubwa msimbishie, kwa kuwa ni mkubwa. Na jua la asubuhi ni baya, kaeni ndani.

Nimeshamwaga. Asiyezoa, shauri yake.

Bi Mjusi akasimama palepale uwazini, akainua mikono. "Ee Mola, mrehemu Kiboko. Mpanulie kaburi lake. Mpanulie tena, Wewe unamjua alivyo. Ulitie nuru, ila usimpe yote. Amina."