Kuchakulo Aomba Kazi Bwawani

— Paukwa!
— Pakawa.
— Aliyeshiba?
— Alale.
— Mwenye kiu?
— Asikie.
— Basi sikilizeni vizuri, maana ngano hii siisimulii kwa kucheka.

Hapo kale, mwaka ambao mvua ilinguruma kisha ikapita mbali, nchi ya wanyama ilibaki na bwawa moja tu lenye maji. Mito ilikauka. Visima vikageuka mashimo ya vumbi. Na ndani ya bwawa hilo moja alikaa Kiboko. Hakukaa pembeni. Alikaa katikati, na mwili wake wote, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Aliyesogea kunywa alifunguliwa kinywa, akayaona yale meno, akarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa.

Siku moja Kiboko akatoa tangazo. Alisema anatafuta mtunza ukingo, mtu wa kuziba nyufa na kufukua matope. Atakayeipata kazi atakunywa, yeye na wanawe, asubuhi na jioni. Ila kila mwombaji alete wasifu wake, ule ambao wengine huuita sivii, ukiwa umeandikwa kwenye jani la mgomba.

Wanyama wakaulizana wasifu ndio nini. Wakaambiwa: ni wewe mwenyewe, ila umelazwa juu ya jani.

Kuchakulo alilisikia tangazo akiwa mlangoni pa shimo lake. Kuchakulo ni mnyama mdogo, ndugu yake kindi, ila yeye makao yake ni ardhini na kazi yake ni kuchimba. Alikuwa na watoto mle shimoni, midomo imekauka mpaka wameacha kulia. Nyuma ya shimo alikuwa na kichaka cha migomba alichoachiwa na mama yake. Mgomba mmoja ulikuwa umebeba mkungu, mdogo bado, unaojitahidi. Kila asubuhi Kuchakulo aliutazama mkungu ule kama mtu anavyotazama sufuria iliyo jikoni.

Akajiambia, kazi ya kuchimba na kuziba, kama si yangu ni ya nani? Akakata jani, chwaa! Akachukua mwiba, akaketi, akashindwa kuanza. Mama yake alimlea kwa msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa anatakiwa ajitembeze. Alikwaruza neno, akalifuta, akalikwaruza tena, mpaka akapata haya: Mimi ni Kuchakulo. Najua kuchimba. Najua kuziba. Naamka mapema. Naweza kuanza hata leo.

Akalibeba jani mpaka bwawani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Weka hapo."

Akaweka. Kesho yake akarudi kuulizia. Kiboko akamwambia wasifu wake ni mfupi na jani lenyewe dogo. Alete jani pana.

Kuchakulo akarudi nyumbani. Akakata jani pana, chwaa! Akaandika upya, akaongeza maneno, akapeleka. Akaambiwa aweke hapo. Aliporudi kuulizia, Kiboko akasema jani lilikuwa limechanika pembeni, na wasifu uliochanika hauna heshima. Alete jani zima.

Kuchakulo akarudi nyumbani. Akakata jani zima, chwaa! Akaandika upya, akapeleka. Akaambiwa aweke hapo. Safari hii Kiboko akamuuliza kama amewahi kutunza bwawa.

"Bwawa ni hili moja tu, bwana," akasema Kuchakulo. "Nitakuwa nimetunza lipi?"

"Basi huna uzoefu. Kaandike tena. Na ulete jani changa, lile la katikati ambalo halijakunjuka. Wasifu wa siku hizi unataka ulaini."

Njiani akakutana na jirani yake, Bi Kobe, naye ana jani mgongoni. Kobe alikuwa amepeleka majani mpaka nyayo zimetoka malengelenge. Yeye aliambiwa wasifu wake hauna mvuto. Kobe hakukasirika, alihuzunika tu. Alisema huenda kosa ni lake, huenda yeye hajui kujieleza, maana hata nyumbani walikuwa wakimwambia ni mpole mno. Kuchakulo akamjibu kwamba hata yeye ndivyo anavyojiona. Wakaachana, kila mmoja akiinamisha kichwa.

Jani changa la katikati ndilo moyo wa mgomba. Kuchakulo alilijua hilo vizuri. Alisimama chini ya ule mkungu muda mrefu. Migomba mingine ilikuwa imebaki mashina matupu, yamesimama kama mahindi yaliyovunwa. Watoto shimoni wakakohoa. Akapanda, akakata. Chwaa! Na usiku ule akaandika uongo kwa mara ya kwanza: kwamba amewahi kutunza mito miwili, kwamba ana mbio, kwamba anapenda kufanya kazi chini ya watu wakali. Alipojisomea hakumjua mtu aliyeandikwa pale.

Akapeleka. Akaambiwa aweke hapo. Akaondoka, lakini hakufika mbali, akakumbuka ameusahau mwiba wake. Akarudi kimyakimya kupitia kwenye matete. Ndipo akasikia.

Nyam, nyam, nyam.

Akachungulia. Kiboko alikuwa amelichukua jani lake, amelikunja kama mtu anavyokunja chapati, analitafuna. Nyam, nyam. Pembeni yake kulikuwa na rundo: jani la Digidigi, jani la Ngiri, jani la Kobe. Akalimaliza la Kuchakulo, akachukua la Kobe. Hakuligeuza kulitazama. Neno "naomba" lilining'inia kidogo kwenye jino, kisha ulimi ukalipitia.

Hasira ilimpanda Kuchakulo kuanzia kwenye kucha. Ikapita magotini, ikapita tumboni, ikafika kooni ikakaa. Alifikiria mkungu wa mama yake. Alifikiria Kobe na nyayo zake, anayelala akijiuliza amekosea wapi. Alitaka kuruka amng'ate Kiboko puani. Lakini pua ya Kiboko ni pana kuliko yeye mzima. Akaimeza hasira ile kama dawa chungu, akaenda nayo nyumbani.

Asubuhi akaja bwawani na kifuu cha udongo mweupe, laini kama uji. Akamwamkia Kiboko kwa unyenyekevu. Akamwambia amesikia habari, na ameona si haki ziwapite wakubwa. Ng'ambo ya kilima, katika nchi ya Tembo ambako wanyonge hawaruhusiwi kukanyaga, kuna bwawa jingine, kubwa kuliko hili, nyasi zake zinafika kifuani, na mayungiyungi yake hayana mlaji. Tembo wa huko wanatafuta msimamizi.

Kiboko akainua masikio. Akasema atakwenda kulichukua tu.

"Kwa Tembo hakuchukuliwi kitu, bwana," akasema Kuchakulo. "Kule wanaanza na wasifu."

Kiboko akasema, bila hata aibu, kwamba yeye hajui kuandika.

"Basi nitakuandikia mimi, wewe usome tu nilichoandika," Kuchakulo akamwambia.

"Wala kusoma sijui. Nisome nini? Mimi huletewa."

Kuchakulo akainamisha uso ili macho yake yasionekane. Maneno yote yale. Mfupi, umechanika, huna uzoefu, hauna mvuto. Hajui hata irabu. Kiboko akadhani ameinama kwa heshima.

Akamwambia kwa sauti tamu kwamba majani yamekwisha, na hata kama yangekuwepo, jani gani litabeba sifa za Bwana Kiboko? Wasifu wake unataka upana. Uandikwe ubavuni, kwa udongo mweupe, kila atakayemwona ausome. Ila aangalie jambo moja: asiguse maji, utafutika.

Kiboko akatoka majini. Pwata, pwata, pwata. Akasimama ukingoni, akatoa ubavu. Kuchakulo akapanda na kijiti chake, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mimi ni Kiboko, mwenye hekima. Mimi ni Kiboko, mwenye huruma. Mimi ni Kiboko, mlezi wa wanyonge." Kiboko akatikisa kichwa akasema ongeza. Kuchakulo akaongeza. Lakini alichokiandika kilikuwa hiki: MIMI NDIYE NILIYEKULA WASIFU ZENU. SIKUSOMA HATA MMOJA. BWAWA LIKO WAZI, NENDENI MKANYWE.

Wakaondoka, Kiboko chini, Kuchakulo mgongoni kulinda maandishi. Ti! Ti! Ti! Jua likawa linachoma. Wakakutana na Digidigi. Digidigi akasoma, akafungua mdomo, akatimka kuelekea bwawani. Kiboko akauliza mbona anakimbia. Kuchakulo akasema anakwenda kuwatangazia wengine. Ti! Ti! Ti! Wakakutana na Ngiri. Ngiri akasoma, akatema mate, akatimka. Kiboko akafurahi.

Ti! Ti! Ti! Wakakutana na Kobe. Kobe alisoma polepole, herufi kwa herufi, kisha akarudia kusoma. Hakukimbia. Machozi yalimtoka. Akamtazama Kuchakulo kule juu, akasema, "Kumbe kosa halikuwa langu, shoga."

"Halikuwa lako," akanong'ona Kuchakulo. "Nenda ukanywe."

Kiboko akadhani amewatoa watu machozi kwa wema wake.

Wakafika ng'ambo ya kilima. Bwawa lilikuwepo kweli, na nyasi zilikuwepo, na Tembo walikuwepo, kwa maana uongo mzuri haujengwi hewani. Mlangoni alisimama Korongo kwa mguu mmoja, ndiye apokeaye wageni. Akamzunguka Kiboko, akasoma ubavu mzima, akasafisha koo.

"Haya yameandikwa kwa idhini yako?"

"Kila neno ni langu," akasema Kiboko.

"Na ni kweli?"

"Kweli tupu. Waulize wote walionisoma njiani."

Korongo akasema wameupokea, wataujadili, asimame palepale juani, watamwita. Kuchakulo akashuka mgongoni, akaondoka zake bila kuaga.

Kiboko akasimama. Maji yalikuwa hatua chache tu, lakini angeyagusaje? Ngozi ikakauka. Ngozi ikapasuka. Akaanza kutoka jasho jekundu kama damu, likachuruzika ubavuni, likafuta neno baada ya neno. Hakuna aliyemwita. Mwishowe Tembo walimsukuma kwa vichwa wakamrudisha alikotoka. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hutoka jasho jekundu, huliogopa jua, na hutoka majini kula gizani, akitafuta nyasi zake mwenyewe.

Aliporudi alikuta ukingo umejaa wanyama bega kwa bega, na meno yake hayakumtisha mtu tena, maana waliokuwa wanaogopa mmoja mmoja sasa walikuwa wengi na wana hasira. Akapewa kona.

Watoto wa Kuchakulo walikunywa mpaka matumbo yakawa kama matufe. Lakini mkungu ulikuwa umekwisha kusinyaa, mweusi, na mgomba ukaanguka wenyewe. Kuchakulo akaukalia. Watu walimpongeza. Bado hasira haikuwa imetoka kooni.

Likaitishwa baraza la kuchagua mtunza bwawa mpya. Ngiri akasimama, akajikohoza, akasema kwamba ili mambo yaende kwa utaratibu, yeye anaona ni vyema kila mwenye nia alete kwanza wasifu.

Kuchakulo hakungoja amalize. Aliruka, akamng'ata sikio, akang'ang'ania, na ilibidi wanyama wengi washirikiane kumbandua.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba kumng'ata mwenzako barazani ni utovu wa adabu. Ukitaka kazi, usikasirike. Kaa chini, andika vizuri, kwa mwandiko safi na maneno ya unyenyekevu, na uamini kwa moyo wote kwamba yuko mtu atakayesoma.

— Ngano yangu nimeitua.
— Tumeipokea.
— Iliyo tamu?
— Tumeimeza.
— Iliyo chungu?
— Mpelekee yule asiyesoma.
— Nampelekea.