Jina Moja kwa Kiwanda cha Namitule

Nina habari ya kazi moja na watu watatu walioistahili. Nikifika mwisho mtanidai jibu, nami nitawadai nyinyi, kwa hiyo sikilizeni vizuri tangu sasa.

Watatu hao walifanya kazi katika kiwanda cha kubangua korosho, mji wa Namitule.

Wa kwanza ni Stambuli, dereva wa lori. Kipaji chake kilikuwa kusoma. Hakuwahi kupita mbele ya maandishi bila kuyamaliza, yawe tangazo la mnada au kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga.

Wa pili ni Veridiana Likwati, karani. Kipaji chake kilikuwa kuelewa. Jambo ambalo wengine walilisoma mara tatu wakabaki wanatazamana, yeye alilieleza kwa maneno mepesi, kama ya kuombea chumvi.

Wa tatu ni Somoe Nangonga, mbanguaji wa miaka ishirini na sita. Hakwenda shule. Kipaji chake kilikuwa watu. Alimjua kila mwanamke wa kiwanda kile: jina alilopewa kwao, aliyemwoa, na lililomkosesha usingizi.

Mwenye kiwanda aliitwa Bi Asumini Chilumba. Alikirithi kwa baba yake, pamoja na lori na desturi zake. Alikuwa mwajiri mwema mwenye shida ya waajiri wengi: sheria za kazi zilikwenda mbio kuliko yeye. Ndani ya miaka sita zilibadilika mara nne. Likizo, saa za kazi, glavu, kisha likizo tena.

"Nikibandika moja ukutani," alikuwa akisema, "gundi haijakauka, nyingine hiyo mlangoni."

Kiwanda kilikuwa na viti themanini na vinne vya kubangulia. Kila kiti kilikuwa cha ukoo. Baba yake Bi Asumini ndiye aliyepanga hivyo. Jina moja liliandikwa kwenye daftari, na chini ya jina hilo wanawake wa ukoo walipokezana: leo dada, kesho wifi, keshokutwa binti. Mwenye msiba alikwenda msibani, mwenye shamba alikwenda shambani, na kiti hakikukaa kitupu. Daftari lilikuwa na majina themanini na manne. Wanawake walikuwa mia mbili na kumi na mmoja. Msimamizi alipoita jina la kiti, aliyekikalia siku hiyo aliitika. Hakuna aliyedhani anadanganya. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna ya kuishi pale.

Ndipo sheria ikabadilika mara ya tano.

Stambuli alikuwa ametumwa ofisi ya wilaya kufuata kibali cha lori. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya karatasi ya chanjo ya mbwa, aliona ukingo wa karatasi nyingine. Aliinua ya mbwa, akaisoma ya chini. Ilikuwa imekaa pale siku kumi na tisa. Ilisema kila mfanyakazi, hata wa msimu, awe na mkataba wake kwa jina lake. Kiwanda ambacho daftari lake halilingani na watu wake kingefungwa hadi msimu unaofuata. Ukaguzi ungeanza baada ya siku kumi na mbili.

Simu yake ilikuwa imezimika. Alitoa hati za mzigo mfukoni, akainakili sheria nzima nyuma yake, neno kwa neno, amesimama juani. Ilimchukua saa mbili. Watu waliokuja kusoma habari za mbwa walimzunguka.

Jioni alimkabidhi Bi Asumini.

"Mzee Stambuli, nilikutuma kibali, umeniletea sheria?"

"Kibali nacho nimekileta, Mama. Lakini hii ndiyo itakayotufunga."

Bi Asumini alisoma mistari mitatu akakaa chini. Msimu ulikuwa umeanza juzi. Wanawake wale hawakuwa na kazi nyingine hadi mvua.

"Basi nitabakiza mmoja kila kiti," alisema. "Themanini na wanne. Wengine warudi nyumbani. Nifanyeje?"

Veridiana aliomba apewe siku mbili na karatasi zile. Sheria ilikuwa na vifungu ishirini na kila kifungu kilimrudisha msomaji kwenye kifungu kingine. Stambuli, aliyekwisha kuinakili yote, alipoulizwa inasemaje alijibu, "Inasema mambo mengi." Veridiana aliifuata kifungu kwa kifungu, akichora mishale kwa penseli. Siku ya pili, kifungu cha kumi na saba, alikuta kwamba kazi moja inaweza kufanywa na watu wawili au zaidi, mradi kila mmoja ana mkataba na siku zake zimeandikwa.

Alikwenda ofisini kwa Bi Asumini bila kubisha hodi.

"Mama, usimfukuze mtu. Kupokezana kiti hawakukataza. Walichokataza ni kupokezana jina."

"Una hakika?"

"Hiki hapa. Nikusomee tena?"

"Nisomee mara nne."

Kisha Veridiana aliandika mkataba wa ukurasa mmoja. Ulianza hivi: *Mimi naitwa fulani. Nabangua kiti namba fulani. Siku zangu ni hizi.* Hata asiyejua kusoma, akisomewa mara moja, aliushika wote.

Meza iliwekwa uani. Siku ya kwanza walijitokeza wanawake tisa.

Na hao tisa walikuwa kichekesho. Wa kwanza aliulizwa jina, akajibu kwa mazoea, "Somoe Nangonga." Wa pili, "Somoe Nangonga." Wa tatu vilevile.

"Jamani," Veridiana alisema, "Somoe Nangonga ninamjua. Yule pale anabangua. Nyinyi ni akina nani?"

Wote watatu walitazamana kama watu walioulizwa umri. Mmoja alikuwa ameitika jina la kiti kwa miaka kumi na minne.

Wale ambao hawakujitokeza hawakusahau majina yao. Waliogopa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba atakayetoa jina lake atakuwa amekitoa kiti cha ukoo, na viti watapewa watu wa mbali. Bi Asumini alisimama juu ya sanduku akaeleza. Walimsikiliza kwa heshima, wakarudi kubangua. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Somoe aliweka nyundo yake chini. Alikwenda mezani, mbele ya wote.

"Andika," alimwambia Veridiana. "Somoe Nangonga, kiti namba saba. Siku zangu tatu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nyingine wagawane wifi yangu na wenzake wawili, wale walioitika jina langu. Nao waandike kwa majina yao."

Kwa miaka ishirini na sita kile kilikuwa kiti chake, na siku zake alizipanga mwenyewe. Mbele yao alijipunguzia.

Kisha alipita kiti kwa kiti.

"Wewe Binti Mchopa, uliyevunja mtungi wa mama mkwe siku ya pili ya harusi. Mji mzima unakujua. Daftari tu ndilo usilitake likujue?"

"Dada Somoe, wakininyang'anya kiti je?"

"Nani atakayekinyang'anya kiti chenye jina lako? Kisicho na jina lako ndicho chepesi kubebwa."

Palitokea kikwazo kingine. Wasiojua kuandika walitakiwa kuweka alama ya kidole, na gumba la mbanguaji halina alama. Mafuta ya ganda la korosho yamekwisha kulila. Karatasi zilipata madoa meusi, laini kama kokoto. Somoe alizitazama akacheka.

"Mpeni karani kidole cha mwisho cha kushoto. Hicho tangu tuzaliwe hakijagusa korosho."

Veridiana alifungua sheria. Ilisema kidole, haikusema kipi.

Kufikia siku ya kumi na mbili mikataba ilikuwa mia mbili na kumi na mmoja.

Mkaguzi alikuwa Bwana Kapinga, mtu wa maneno machache. Wanawake wote wakiwa wamekusanyika uani, alishika daftari jipya akaita jina, mwenye jina akasimama. Aliita majina arobaini. Akamuuliza mmoja, "Siku zako zipi?" Akajibiwa kabla hajamaliza. Alifunga daftari.

"Bi Asumini, wilaya hii nimekagua viwanda tisa. Nimefunga sita. Chako kitafanya kazi."

Wanawake walipiga vigelegele hadi walinzi wa jirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mkaguzi alisubiri watulie, akatoa fomu.

"Limebaki moja. Kila kiwanda sasa kinatakiwa kuwa na mwangalizi wa sheria ya kazi. Ni ajira ya kudumu, si ya msimu, na huwezi kumwachisha bila idhini ya wizara. Niandikie jina, niondoke nalo."

"Niandike matatu?"

"Mstari ni mmoja, Mama. Wakiwa watatu, sheria ikibadilika kila mmoja atadhani mwenzake ameisoma."

Bi Asumini aliwaita wote watatu. Kila mmoja aliitaka kazi ile, na kila mmoja alikuwa na sababu. Stambuli macho yake yalikuwa yameanza kuikataa barabara, ingawa maandishi bado aliyaona kwa miwani. Veridiana mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Somoe kazi yake iliisha na msimu, na sasa hata msimu alikuwa ameugawa.

"Nisingesoma mimi," Stambuli alisema, "leo mngekuwa mnabangua kucha zenu."

"Kweli ulisoma, mzee," alijibu Somoe. "Ukatuletea karatasi usiyoielewa hata wewe."

"Niliielewa mimi," alisema Veridiana. "Lakini niseme ukweli: kwa kuelewa kwangu kote nilipata majina tisa, na matatu kati yake yalikuwa jina lako."

"Na mimi nikapata yaliyobaki," Somoe alisema. "Lakini bila mkataba wako ningewaita waje kufanya nini? Na bila mzee huyu tungekuwa tumeitana tukiwa tayari tuko nje ya geti."

Stambuli alivua miwani akaifuta. "Sasa tunagombana au tunasifiana?"

Bi Asumini alikuwa ameinamia fomu. Alijua sheria itabadilika tena, pengine kabla ya mavuno mengine. Siku hiyo kiwanda kingemhitaji atakayeiona kwanza, atakayejua inasema nini, na atakayewafanya watu waifuate. Mstari ulimruhusu mmoja. Bwana Kapinga alitazama saa, akamsogezea kalamu.

Mimi habari yangu inaishia hapo. Haya, nanyi mliosikiliza, vijana kwa wazee: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini usoni?