Nani Ashike Patasi

Kaeni vizuri, maana hadithi hii ni ya ugomvi. Niliisimulia harusini, watu wakaacha pilau wakaanza kubishana. Niliisimulia msibani, nikaombwa ninyamaze. Kazi yangu ni kusimulia tu. Kuamua ni kazi yenu, na msinitazame usoni mkitafuta jibu.

Walikuwepo watu wanne mjini Morogoro waliokutana kila Jumapili mchana nyuma ya karakana ya seremala mmoja aitwaye Mkude. Walicheza mchezo wa mezani wa kuigiza. Kwa asiyeujua, ni hivi: kila mchezaji anabuni mtu wake, awe shujaa, mwizi au mganga, naye ndiye anayemsemea na kumwamulia. Mmoja wao ni mwendeshaji. Huyo anasimulia dunia nzima, mapango yake na maadui zake. Mchezaji akitaka kufanya jambo gumu anatupa dadu, na dadu ndiyo inayosema ameweza au ameshindwa. Mwendeshaji alikuwa Mkude mwenyewe, kwa sababu meza ni yake, karakana ni yake, na maneno anayo mengi kuliko mbao.

Sasa wajueni wachezaji.

Sekela alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Tangu siku ya kwanza Mkude alimpa mhusika mganga wa kutibu vidonda, hakumuuliza hata kama anataka. Sekela alitaka kuwa mfufuzi, yule anayewaita wafu wakaamka. "Fundi, wiki nzima natibu watu," alimwambia. "Wengine wananifia mikononi nikiwaangalia. Jumapili nije hapa nifunge bandeji tena?" Mkude akajibu kwamba ufufuzi ni kazi ya maadui, si ya watu wazuri. Sekela akameza maneno, lakini hayakushuka. Yalikaa kooni mwaka baada ya mwaka.

Pazi alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba ya tajiri. Kazi yake ilikuwa kusimama kila gari likipiga honi, na kushukuru kwa kutosalimiwa. Yeye alitaka kuwa joka. Hakutaka kulipanda joka wala kulifuga, alitaka kuwa joka lenyewe, na mabawa yake. Mkude alimcheka. "Majoka ni ya kuuawa, Pazi. Hayachezwi." Pazi naye alirudia ombi lake kila hadithi mpya ilipoanza, na kila mara alipewa mpiga mishale.

Bi Tunu aliuza mitungi ya gesi, na kwa umri wake, wote pale walimwamkia shikamoo. Yeye hakuomba kitu. Alikuwa na askari wake aitwaye Kifimbo, mtu asiye na uchawi wowote, mwenye nyundo na mabega. Alikuwa naye tangu meza ikiwa mpya, ikinuka vanishi. Alimzungumzia kama mtu anavyomzungumzia mwanawe aliyeko kazini mkoa mwingine: Kifimbo hapendi baridi, Kifimbo hali uyoga.

Meza ile ilikuwa na mila yake. Hadithi moja ilichukua miaka, na ilipokwisha, aliyempiga adui mkuu pigo la mwisho alipewa patasi iliyotundikwa ukutani. Aliinama chini ya meza akachonga sheria moja kwenye mbao yake ya mninga. Sheria iliyochongwa haifutwi, na mwendeshaji naye anaifuata, apende asipende. Hadithi moja, mkono mmoja, sheria moja. Mila hiyo aliianzisha Mkude, akijua kwamba kwa uendeshaji wake adui mkuu huanguka mara chache sana.

Hadithi ninayowaambia ilipofika mwaka wa nne, Sekela alichoka. Mganga wake alikuwa ameuawa kwenye daraja, na mchezaji aliyefiwa na mhusika huchagua mwingine. Akasema mfufuzi. Mkude akasema hapana. Mpiga mishale wa Pazi alikuwa amezama mtoni siku hiyohiyo, naye akasema joka.

"Mnanichosha," Mkude alisema. "Hii dunia niliitengeneza mimi."

"Na sisi tumeikalia miaka minne," Sekela akamjibu. "Au sisi ni vigoda?"

Hapo Mkude alivimba. Akaweka randa chini, akafuta mikono, akasema haya, chukueni. Sekela awe mfufuzi, lakini atamfufua yule tu aliyekubali kwa kinywa chake akiwa hai, na katika dunia ya Mkude kila mtu alifundishwa utotoni kuogopa jambo hilo kuliko kifo. Na atakayefufuka atakuwa haoni, hasikii mwingine, hajui lolote, anakwenda pale tu mfufuzi anapomwamuru. Pazi awe joka, lakini joka la ukubwa wa kuku, lisilotema moto, lenye mabawa ya kupepea tu. "Mmeridhika?" aliuliza, akacheka peke yake.

Sekela hakucheka. Kuombwa asubiri angevumilia, kunyimwa angevumilia, lakini kupewa kitu kilichovunjwa miguu makusudi, na kutakiwa aseme asante, hilo lilimkaa vibaya. Akamtazama Pazi, naye Pazi alikuwa anaitazama dadu yake kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Tumeridhika," Sekela alisema.

Wakaenda hadi mwisho wa hadithi na vilema vyao hivyo. Adui mkuu alikuwa Malkia Majivu, aliyekuwa anauteketeza mji wa Zimbwe mtaa kwa mtaa. Uhai wake haukuwa mwilini. Ulikuwa ndani ya chungu cha jiwe, mwisho wa pango lililojaa moshi wa sumu na giza. Chochote kinachovuta pumzi kikiingia, kinakufa. Mkude alipolieleza pango hilo alikunja mikono, na Sekela akaelewa kwamba limetengenezwa lisivukike. Mji ungekufa, hadithi ingeisha, na patasi ingebaki ukutani.

Bi Tunu akasema, "Kifimbo anamwendea mfufuzi."

"Anataka nini?" Mkude akauliza.

"Anamwambia hivi: nakubali. Nikifa, uniamshe." Alivua miwani akaishika mapajani. "Halafu anaingia kwenye moshi."

Mkude alimuuliza kama ana hakika. Bi Tunu akamwambia asimulie, asimuulize maswali. Mkude akasimulia. Kifimbo alikwenda hatua chache, akapiga magoti, akafa, na nyundo yake mkononi. Bila ridhaa ile, hakuna mkono ambao ungeinua kitu ndani ya pango lile.

Sekela akatupa dadu, ikakubali. Akamwamsha. Alikuwa ameisubiri saa hiyo miaka yote, akifikiri itakuwa furaha. Maiti akasimama ndani ya moshi, bila pumzi, kwa hiyo bila kudhurika, na Bi Tunu akageuza uso kutazama mbao zilizoegemezwa ukutani. Sekela aliona, na alikasirika zaidi, safari hii bila kujua anamkasirikia nani. Lakini hakuacha. Bila amri yake, Kifimbo angebaki kulala pale.

Na Pazi akasema, "Joka linapanda begani kwa Kifimbo."

Mkude akataka kucheka tena, kisha akakumbuka. Miaka yote aliwasimulia kwamba ngozi ya joka haipenywi na moto wala sumu, kwamba joka halihitaji pumzi kama sisi, kwamba macho ya joka huona gizani. Alilipunguza ukubwa, akaliondolea moto na uwezo wa kuruka, lakini hayo mengine alisahau kuyaondoa. Joka la ukubwa wa kuku likakaa begani kwa maiti asiyeona, na likawa linapaza sauti hadi nje alikokuwa mfufuzi: kushoto, kuna shimo, pindisha, hapo kuna ngazi. Bila macho yale, Kifimbo angetumbukia kwenye shimo la kwanza.

Joka liliona. Mfufuzi aliamuru. Askari alitembea. Wakafika kwenye chungu.

"Tupeni dadu," Mkude alisema. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Nani?" Sekela akauliza.

"Wote. Kila mmoja moja. Tupeni tumalize."

Dadu tatu zikaviringika juu ya mninga. Jumla ikafika palepale ilipotakiwa, haikuzidi hata nukta. Dadu yoyote kati ya zile ingeonyesha pungufu, nyundo ingekosa. Chungu kikapasuka, Malkia Majivu akawa majivu kweli, na mji wa Zimbwe ukapona.

Hakuna aliyeshangilia zaidi ya pumzi mbili. Mkude alishusha patasi ukutani, akaiweka katikati ya meza, na mikono mitatu ikaifuata.

"Joka ndilo lililoiona njia," Pazi alisema. "Ninyi wote mlikuwa gizani. Nitachonga kwamba joka lichezwe, nalo likue, liruke. Miaka yote nimeomba kwa adabu."

"Aliyempiga ni aliyeamuru," Sekela alisema. "Maiti hana nia. Nia ilikuwa yangu. Nitachonga kwamba mfufuzi asifungwe masharti."

"Nyundo ni ya nani?" Bi Tunu akauliza. "Mkono ni wa nani? Mila inasema aliyepiga pigo. Mimi nitachonga hivi: aliyekufa aachwe."

Sekela akavuta patasi upande wake. "Bi Tunu, ukichonga hivyo hakuna mfufuzi tena kwenye meza hii. Milele."

"Najua."

"Lakini ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali kwa sababu mji ulikuwa unaungua. Nimekaa hapa nimemtazama Kifimbo akiendeshwa kama mkokoteni. Sitaki mtu mwingine atazame hivyo."

Mkude akadakia. Alisema kama ni haki, patasi ni yake, kwani mfufuzi ni yeye aliyempa, joka ni yeye aliyelitoa, na pango alilijenga yeye. Wote watatu wakamgeukia. Sekela akamwambia kwamba aliwapa takataka ili awacheke, na kama takataka imeokoa mji, sifa si ya aliyeitupa. Mkude akaokota randa yake akaenda kupiga ubao uliokuwa umeshapigwa.

Pazi akapendekeza wachonge sheria zote tatu. Lakini mila ni sheria moja, na ya Sekela na ya Bi Tunu haziwezi kukaa chini ya meza moja. Wakapendekeza dadu iamue. Bi Tunu akasema hakumuua Kifimbo ili akaamuliwe na bahati. Wakapendekeza wasubiri hadithi inayofuata. Sekela akasema yeye hasubiri miaka minne mingine, anataka leo.

Ndipo Bi Tunu akamuuliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, ulipomwamuru apige, ulimuuliza?"

"Alishakubali."

"Alikubali kuamshwa. Kupiga hukumuuliza."

Sekela alikuwa na hasira ya kutosha kuvunja meza. Alimwinamia mtu anayemwamkia kila Jumapili, akamwambia, "Na wewe ulipomtuma akafe, ulimuuliza?"

Bi Tunu alivaa miwani yake. Mkono wake ulibaki kwenye mpini wa patasi, na wa Sekela ulibaki, na wa Pazi pia. Pazi alikuwa na ghadhabu, kwa sababu wawili hawa walikuwa wanagombana kana kwamba yeye hayupo, kana kwamba amesimama getini na wao wako ndani ya gari.

Na hivyo ndivyo nilivyowaacha. Mikono mitatu, patasi moja, na kila mkono unavuta.

Joka lisingeona, wasingefika. Mfufuzi asingeamuru, wasingefika. Askari asingekubali kufa, wasingeanza safari. Usiniambie wote wanastahili, hilo hata Pazi alilipendekeza, na halikumsaidia mtu. Haya, wewe uliyetikisa kichwa Sekela aliposema neno lile kwa Bi Tunu: ungekuwa ndiye wa kuwaachanisha, ungeuachia mkono wa nani? Na hao wawili uliowanyima ungewatazama vipi Jumapili ijayo?