Pumzi ya Ambakisye

Mgeni asiyeambiwa hukanyaga kaburi. Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi, mama mwenye nyumba alipokuwa akimwonyesha yule mpiga saksafoni kutoka Iringa bafu liko wapi na mbwa yupi anauma, nanyi mkacheka kama mliotekenywa. Kaburi na bafu wapi na wapi, mkauliza. Haya, wekeni vyombo chini mnisikilize, na atakayenikatiza ataosha matarumbeta yote peke yake. Maneno hayo hayakudondoka na mvua. Yalizaliwa hapahapa Ilundwe, mchana kweupe, mbele ya watu wote, na aliyeyatamka kwanza alikuwa mgeni mwenyewe.

Wakati huo bendi yetu ya matarumbeta ilikuwa inatimiza miaka thelathini. Mwanzilishi wake, mzee Ambakisye Mwaisumo, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na uongozi ukabaki kwa binti yake, Tumpale. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, aliyeanza kupuliza tarumbeta akiwa bado na meno ya utoto. Watu walisema akikasirika humjui, akifurahi humjui, ukitaka kumjua msikilize anavyopuliza.

Sasa, mzee Ambakisye alikuwa fundi hasa, lakini alikuwa na pumu. Nota alizisoma yeye peke yake. Wenzake aliwafundisha kwa kusikia tu, mstari mmoja mmoja, yeye anapuliza na wao wanamfuata kama vifaranga. Basi katika wimbo wa shukrani ya mavuno, ule ambao bendi hufungia kila sherehe, mstari wa tatu ni mrefu kweli. Kila alipofika katikati yake kifua kilimbana. Alishusha tarumbeta, akavuta pumzi polepole, akaendelea. Wanafunzi wakadhani ndivyo wimbo ulivyo! Wakashusha na wao, wakavuta pumzi na wao, wakaendelea na wao. Waimbaji wakaifuata bendi. Watoto wakazaliwa wakaukuta wimbo unasimama pale, na Ilundwe nzima ikawa inanyamaza mahali ambapo watu wengine wote duniani wanaimba.

Tumpale aligundua siku moja akiwa msichana, alipousikia wimbo ule redioni kwa jirani. Alirudi nyumbani mbio.

"Baba, redioni hawanyamazi pale kwenye mstari wa tatu!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Pale ni kifua changu, mwanangu. Wimbo wenyewe hauna shimo. Lakini watu wameshajifunza hivyo na wanaimba kwa raha, niwavuruge kwa sababu gani?"

Mzee alipofariki, kituo kile kilibaki. Na aliyekishikilia kuliko wote alikuwa mjane wake, mama Subilaga. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni hata mkono wake, na alikuwa ameacha kutoka nyumbani. Ila kila sikukuu ya mavuno aliamka mapema, akadai kitenge chake kizuri, akasema, "Nipelekeni nikamsikie baba yenu akipumua." Bendi ilipofika mstari wa tatu na kunyamaza, aliinamisha kichwa. Basi. Akishasikia hapo alirudi nyumbani ametulia, na mwaka mzima hutamsikia akilalamika.

Katika mwaka huo wa thelathini kamati ya sherehe ilitaka mambo makubwa, ikamwalika mwalimu mgeni aje kuongoza bendi. Aliitwa mwalimu Byabato, Mhaya wa Bukoba, aliyekuwa akifundisha muziki chuoni. Alisafiri siku mbili kwa basi akiwa na sanduku dogo la nguo na sanduku kubwa la vifaa. Tulitarajia mtu wa majivuno, wa kutusimanga. Wapi! Alitusalimia mmoja mmoja kwa jina kabla ya kushika fimbo yake ya kuongozea.

Siku ya kwanza alilifungua lile tarumbeta kubwa la besi la mzee Mwakipesile, mkongwe wa bendi, ambalo kwa miaka sita lilikuwa likitoa sauti ya mtu mwenye mafua. Alichokonoa kwa waya, akatoa kiota cha nyigu. Kumbe mzee wa watu kwa miaka sita alikuwa akipuliza nyumba ya wenyewe! Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na Mwakipesile mwenyewe alilia kwa furaha aliposikia besi lake likinguruma upya. Siku ya pili mwalimu aliwafundisha wapulizaji kupuliza kwa upole bila sauti kufa. Tumpale alikuwa akitamani jambo hilo tangu baba yake yu hai, asijue kulifundisha. Jioni ile alimpelekea mgeni maziwa ya mgando na ndizi, akamkabidhi kwa mikono miwili, akashindwa kupata neno la shukrani linalotosha.

Siku ya tatu ndipo wakafika kwenye wimbo wa mavuno. Bendi ikanyamaza palepale inaponyamaza siku zote. Mwalimu akashusha fimbo, akatazama karatasi yake.

"Hapa mnakata neno katikati," alisema. "Kwenye nota hakuna kituo. Kuna sababu, au ni mazoea tu?"

Macho yote yakamgeukia Tumpale.

Naye akawaza: mtu huyu amesafiri siku mbili. Ametutolea nyigu kwenye besi. Ametufundisha bila kutukaripia hata mara moja. Leo nimwambie unakosea, wimbo wetu unasimama kwa sababu baba yangu alikuwa anabanwa na kifua? Si atatuona washamba? Na kwetu, mnajua wenyewe, mgeni hakosolewi. Mgeni akitia chumvi kwenye chai, utakunywa useme ni tamu.

"Ni mazoea tu, mwalimu," akajibu.

Mzee Mwakipesile alikohoa kidogo, akaanza kulifuta besi lake. Wengine wakatazama viatu vyao. Wakaufanyia wimbo mazoezi bila kituo mara ya kwanza, ya pili, ya tano, hadi ukapita laini. Mwalimu alifurahi kweli, akawapigia makofi. Tumpale aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea sifa, kumbe moyoni alikuwa ameshaanza kuungua.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anakunja kitenge chake kwa kupapasa, kona kwa kona.

"Kesho nitamsikia?" mama aliuliza.

"Utamsikia, mama," alijibu Tumpale. Huo ulikuwa uongo wa pili kwa siku moja.

Kesho yake mvua ilikatika asubuhi, na kufikia saa sita uwanja ulikuwa umejaa hadi kwenye ua wa miti. Mama Subilaga alikalishwa benchi la mbele. Bendi ilipiga vizuri kuliko ilivyowahi kupiga. Nyimbo ndefu, nyimbo fupi, za kuchezea na za kuombolezea, watu wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mwishoni mwalimu Byabato aliwageukia watu, akawaomba wasimame waimbe pamoja na bendi wimbo wa shukrani.

Mstari wa kwanza ukaenda, na wa pili. Katikati ya mstari wa tatu uwanja mzima ukanyamaza kama ulivyozoea, nayo bendi ikaendelea mbele peke yake. Khaa! Wapulizaji wengine waliposikia watu wamenyamaza wakanyamaza nao, wengine wakaendelea, ngoma kubwa ikawa inapiga haijui inampigia nani. Watu wakaanza kuimba tena wakati bendi imeshafika mbali. Ulikuwa mkorogo mtupu.

Katikati ya mkorogo huo mama Subilaga akasimama, mikono imenyooshwa mbele.

"Tumpale!" aliita. "Tumpale, baba yako yuko wapi? Mbona mmempita?"

Mwalimu akashusha mikono. Sauti zikafa moja moja mpaka uwanja ukawa kimya. Akamgeukia Tumpale, jasho linamtoka.

"Mama anamtafuta nani?"

Hapo, wanangu, Tumpale alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema mama ameshazeeka, macho yamekwenda na akili inafuata, tuendelee. Nani angembishia? Aliiona njia hiyo. Kisha akamwona mama yake amesimama pale mikono hewani.

"Anamtafuta baba yangu," alisema. "Wimbo ule alitufundisha yeye. Alikuwa na pumu, na pale ndipo alipovuta pumzi. Tunanyamaza pale kwa ajili yake. Mama huja kumsikia hapo, mara moja kwa mwaka."

Mwalimu alimsogelea.

"Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza, mwalimu, nami nikakudanganya."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Kwa sababu umetutendea wema mwingi mno. Niliona nikikupinga nitakuwa sina shukrani."

Mwalimu Byabato alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alisema kwa sauti ambayo hata watu wa nyuma waliisikia, "Kwetu Bukoba tunazikana migombani, nyuma ya nyumba."

"Hata sisi," alidakia mzee Mwakipesile.

"Basi mnajua. Mgeni akitaka kukatiza migombani, mwenye nyumba humshika mkono, akamwambia si hapo, pita huku. Mimi sijaona mgeni akanuna kwa hilo. Anayeumia ni yule aliyeachwa apite, akaja kuambiwa baadaye. Mgeni asiyeambiwa hukanyaga kaburi. Na mimi leo nimekanyaga, tena mbele ya mjane."

Akaiweka fimbo yake chini, akaenda hadi benchi la mbele, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Ni mimi niliyempita mzee."

Mama Subilaga alimpapasa uso hadi akajua ni mtu wa namna gani. "Marahaba, mwanangu. Wewe hukujua. Hawa ndio walijua." Na bendi nzima ikatazama tena viatu. "Sasa inuka, matope yatakuumiza magoti. Rudini mkamchukue."

Mwalimu alirudi mbele ya bendi. "Nionyeshe," alimwambia Tumpale. "Alivuta pumzi kwa muda gani?"

Mbele ya watu wale wote Tumpale, ambaye hata kutoa tangazo alikuwa akiona haya, alishusha tarumbeta lake, akainua mabega polepole kama baba yake, akavuta hewa mpaka kifua kikajaa, akaishikilia kidogo, akainua tarumbeta. Waliomjua mzee Ambakisye wakashika vinywa. Alikuwa mzee yule yule.

"Nimeelewa," alisema mwalimu. "Basi pale sitaongoza mimi. Utaongoza wewe."

Wakaanza upya. Mstari wa kwanza, wa pili, na katikati ya mstari wa tatu mwalimu Byabato akashusha mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Bendi ikanyamaza, nao watu wakanyamaza, hata watoto wa mgongoni. Tumpale akavuta ile pumzi. Alipoinua tarumbeta uwanja mzima uliingia naye kwa pamoja, hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa, na ule upole wa kupuliza ambao mgeni alikuwa amewafundisha ukasikika kama walizaliwa nao. Machozi yalikuwa yakimtiririka Tumpale mpaka kwenye mdomo wa tarumbeta. Sauti yake ikatetemeka, na hakuna aliyemsahihisha.

Kwenye benchi la mbele mama Subilaga alikuwa amekaa. "Ndaga fijo," alisema kwa Kinyakyusa, akimshukuru mgeni. "Ndaga fijo, mwanangu. Hajawahi kupumua vizuri hivi."

Siku ya kuondoka, mwalimu aliomba kitabu cha nota alichokiacha marehemu mzee Ambakisye. Juu ya mstari wa tatu akachora alama ya kituo kwa wino, na pembeni akaandika: Pumzi ya Ambakisye. Tumpale alimsindikiza mpaka kituo cha basi amembebea sanduku la vifaa, na safari hii maneno hayakumpotea.

"Mwalimu, asante kwa besi, asante kwa upole wa kupuliza. Lakini zaidi ya yote, asante kwa kusimama ukauliza mara ya pili."

"Na mimi nakushukuru kwa kunijibu," alisema mwalimu. "Ungeniacha niende zangu, ningerudi nikijisifu kwamba nimewanyooshea wimbo."

Mama Subilaga hakuiona sikukuu nyingine. Alilala usingizi wa mwisho mwezi wa tatu, tukamzika migombani kando ya mumewe. Mavuno yalipofika akaja mgeni mwingine kutuongoza, mama mmoja kutoka Dodoma. Alikuwa hajakaa hata vizuri, kikombe cha chai bado kimoto mkononi mwake, Tumpale akavuta kigoda akaketi karibu naye.

"Karibu sana, mama. Kabla hujanywa nina neno. Katika wimbo wa mavuno, mstari wa tatu, sisi tunanyamaza. Kwenye nota za watu wengine hutakiona kituo hicho, ila sisi tunacho."

"Kuna nini hapo?" mgeni aliuliza.

"Kwanza alikuwamo baba peke yake," alisema Tumpale. "Sasa wamo wawili."

Yule mama aliweka kikombe chini, akamshika mkono. "Asante kwa kuniambia," alisema. "Nitapita taratibu."

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo hakuna anayepokewa Ilundwe bila kuonyeshwa njia, iwe ni ya bafuni, ya migombani, au ya katikati ya wimbo. Wala hakuna mwenyeji anayeona haya kuionyesha, maana mgeni asiyeambiwa hukanyaga kaburi.