Aliyeweka, Aliyetoa na Aliyebakiza

Sogeeni karibu, ila msinijibu haraka. Swali hili limewahi kuwagombanisha watu wazima waliokuwa wanakula sinia moja, kwa hiyo lisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mbishane.

Palikuwa na gereji mjini Moshi, upande wa Njoro, na ndani yake mafundi watatu. Wa kwanza, Anaeli, alijaliwa masikio. Injini ikikohoa nje ya lango, yeye aliye ndani anakutajia ugonjwa kabla hujazima. Wa pili, Aikande, alijaliwa vidole. Hata nyaya za gari zifungamane vipi, angeushika mmoja akaufuata mpaka mwisho wake, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kukata waya asioujua unakokwenda. Wa tatu, Nakijwa, mshona viti, alijaliwa mkono wa akiba. Alikuwa Mpare wa Usangi, na watani zake Wachaga hawakuacha kumsema kwamba kwake hata uzi wa shubiri moja una cheo. Yeye hucheka tu, huku akiuviringisha uzi wenyewe na kuutia mfukoni.

Mwenye gereji, Mzee Kileo, alipofariki aliacha pikapu yake ya kijani, iliyokuwa imelala juu ya mawe miaka sita, na sanduku lake la spana. Sanduku lilikuwa na ufunguo mmoja. Kwa desturi ya gereji ile, anayelishika sanduku ndiye fundi mkuu, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye kibao cha langoni. Kuzigawana spana haiwezekani, maana seti iliyopungua moja si seti tena.

Mjane wake, Mama Ndeshi, aliwaita wote watatu. Akawaambia kwamba siku ya kulijengea kaburi, ukoo utakapokusanyika kihambani, kwenye shamba lao la urithi kule Marangu, anataka kufika kwa pikapu ya mumewe, ipande mlima kwa nguvu zake yenyewe, isivutwe wala isisukumwe.

"Atakayenifikisha ndiye mwenye sanduku," alisema.

Kwa nini niwafiche? Aikande aliitaka nafasi ile. Kibao cha langoni hakikuwahi kubeba jina la mwanamke, naye alikuwa amekwisha kuliona lake pale, kwa rangi nyekundu, herufi saba zilizonyooka.

Basi akaanza Anaeli. Kabureta ya pikapu ilikuwa imeliwa na kutu isiyo na dawa. Mtoto wa marehemu aliagiza mfumo mpya wa injekta, ule unaonyunyiza mafuta kwa kipimo cha kompyuta ndogo, na hakuna aliyewahi kuufunga mfumo kama huo kwenye gari lililozaliwa na kabureta. Anaeli aliufunga. Alichonga kikalio chake kwa tupa, akabadili pampu, akatoboa tangi na kupitisha bomba la kurudishia mafuta, wiki mbili nzima hata chai akiinywa amesimama. Siku aliyowasha, injini ilishika mara moja ikanguruma kwa raha. Anaeli alifumba macho akaisikiliza, kisha akasema imepona. Bila yeye, pikapu ile ingeishia kuwa banda la kuku.

Ila walipoitoa nje waliona ajabu. Kila wakikanyaga breki, injini inazimika. Anaeli alisikiliza mpaka masikio yakachoka, asiambulie kitu.

Ikawa zamu ya Aikande. Alilala chali chini ya dashibodi, akakutana na fungu la nyaya nene kama mkono. Mzee Kileo, kwa miaka arobaini, aliongeza nyaya na hakuondoa hata mmoja. Aikande aliufuata kila mmoja mpaka mwisho, na aliouona umekufa akaufunga fundo kwa kamba ya mgomba. Mama Ndeshi aliketi kando kwenye kigoda akimtajia habari za kila waya. Huu ulikuwa wa kipaza sauti, enzi za kutangaza mikutano ya ushirika wa kahawa. Huu ulikuwa wa taa aliyoivuta mpaka zizini siku ng'ombe alipozaa pacha. Na huu mweupe ulikwenda kwenye trela lililouzwa zamani. Hapo vidole vya Aikande vikasimama. Waya ule ulitoka kwenye swichi ya breki, na ncha yake ilikuwa tupu, inasugua chuma cha bodi. Ukikanyaga breki umeme wote unakimbilia huko, na ile kompyuta mpya, isiyovumilia njaa, inalala.

Aliung'oa, na wafu wenzake wote akawang'oa. Walipowekwa kwenye mizani ya duka la jirani walitimia kilo nne. Ndani ya boneti pakabaki peupe kama uwanja uliofagiliwa. Siku ile Aikande alitembea kidevu juu, na alikuwa na haki. Bila yeye, pikapu isingevuka kona ya kwanza.

Lakini kazi ikimnogea mtu humlevya. Mfumo mpya nao ulikuja na nyaya zake za ziada, nyaya nne za vitu ambavyo pikapu ile haikuwa navyo: kiyoyozi, feni ya umeme, na mengineyo. Zilining'inia bila kazi, zikimchafulia uwanja wake. Aikande akachukua koleo azikate kwenye shina.

Nakijwa, aliyekuwa akishona kiti cha dereva, akaweka sindano chini. Hakujua umeme hata kidogo. Alichokijua ni sketi za shule, kwamba mshonaji mwenye akili haukati upindo. Huukunja kwa ndani, na mtoto akirefuka mwakani, mama yake anaufumua.

"Zikunje, mwenzangu," alisema. "Gari nalo hurefuka."

"Mpare hatupi hata kisichoshonwa," akajibu Aikande.

"Na Mchaga akishatupa, kesho anakuja kwangu kuuliza kama nilikiokota."

Aikande alinuna. Lakini Nakijwa alikuwa ameshika nyaya zile mkononi na hakuziachia mpaka koleo lilipowekwa chini. Akaziba kila ncha peke yake zisigusane, akaifunga kila moja uzi wa rangi kadiri Aikande alivyomsomea kazi yake kwenye karatasi ya maelekezo, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Akazikunja, akashona kifuko kwa kipande cha ngozi ya kiti, akakibana pembeni pasipo na joto. Kilikuwa kidogo kama mfuko wa tumbaku. Aikande alikiona kama doa.

Siku ya kaburi ikafika. Pikapu iliondoka Moshi asubuhi, Anaeli kwenye usukani, Mama Ndeshi kando yake katika kitenge kipya, na mafundi wawili wa kike nyuma. Ilikwenda vizuri kweli, na watu wa Himo waliomfahamu marehemu walisimama barabarani wakapunga mikono. Walipoanza kupanda mlima, feni ya injini, iliyozeeka pamoja na gari, ikavunjika mapanga mawili. Mshale wa joto ukapanda, Anaeli akasimamisha.

Himo hapakuwa mbali. Anaeli alipata lifti, akaja na feni ya umeme iliyong'olewa kwenye gari dogo bovu, akaikaza mbele ya rejeta. Tatizo likawa umeme wake. Aikande aliwaeleza wazi kwamba wakiiunga moja kwa moja kwenye betri itazunguka bila kupumzika, na jenereta ile ya zamani ya injini haiwezi kuilisha feni na kompyuta kwa pamoja mpaka Marangu. Feni ilitakiwa iwashwe na kompyuta yenyewe, injini ikipata joto, na izimwe ikipoa. Na waya wa kazi hiyo...

Aikande alikitazama kile kifuko, akakifungua, akautoa waya wenye uzi wa bluu. Akauunga, akafunga tepu, akasema washeni. Joto lilipofika kiwango chake feni ikazunguka yenyewe, kisha ikatulia, kisha ikazunguka tena. Bila Nakijwa, wangemaliza siku palepale ubavuni mwa barabara.

Kando ya barabara palikuwa na ua wa mimea ya masale. Aikande akachuma jani moja, akamwendea Nakijwa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kwetu kule, ukiletewa sale hukatai, umeombwa radhi. Nakijwa alilipokea, akalikunja, akalitia mfukoni pamoja na nyuzi zake. Wakacheka wote wawili mpaka Anaeli akapiga honi.

Ilipoingia kihambani vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Vijana walikaa tayari kusukuma, wakaambiwa wakae kando. Aikande alifungua boneti ukoo mzima uone, naye akasimama pale kama mzazi siku ya ubarikio wa mwanawe kanisani. Mama Ndeshi aligusa bodi ya kijani, akasema mumewe amefika nyumbani, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Shemeji mmoja wa marehemu akasema sanduku ni la Anaeli, kwa kuwa bila aliyeweka hakuna gari. Dada wa marehemu akasema ni la Aikande, kwa kuwa kuweka kila mtu anajua, kujua cha kutoa ndio ufundi. Mzee mmoja wa kanisa akasema akiba haiozi, na sanduku ni la Nakijwa, kwani ndiye pekee aliyeiona safari kabla ya safari. Nyama ikapoa kwenye sinia.

Mama Ndeshi akawanyamazisha. Akauvua ufunguo shingoni, akamwita Aikande.

"Mwanangu, wewe uliwaona wote wakifanya kazi, na wewe mwenyewe ulifanya. Mpe anayestahili. Ukijiona ni wewe, funga mkono tu, hakuna atakayekuuliza."

Akauweka ufunguo kwenye kiganja chake. Aikande alimtazama Anaeli, aliyekuwa akitazama chini. Akamtazama Nakijwa, aliyekuwa akilipapasa jani la sale mfukoni. Akakiona akilini kile kibao cha langoni, na herufi zake saba. Mkono wake ulikuwa wazi, na ukoo mzima ukiutazama.

Mimi namwachia hapo, kiganja kingali wazi, kwa sababu sina haki ya kukifunga wala kukinyoosha. Ninyi mmesikia kila kitu alichokijua yeye. Aliyeweka, aliyetoa, au aliyebakiza? Haya, ufunguo uko mkononi mwako sasa: ungempa nani, au ungefunga mkono?